Laini ya Saba

Mimi muziki wa kelele siupendi. Nasema mapema, msije mkanituhumu kwamba nawapigia debe. Lakini haya yaliwapata watoto wa shangazi yangu, damu yangu kabisa, na aliyenisimulia ni yule mkubwa. Huyo hajawahi kunidanganya tangu utotoni. Si kwamba ni malaika, la, ila uongo unamshinda tu: akijaribu kidogo, kigugumizi kinamshika.

Wanamwita Dada Nyaya. Ni fundi wa sauti. Sherehe, mikutano, matamasha, popote penye maiki na spika utamkuta ana mzigo wa nyaya begani na hedifoni shingoni, anafokea watu wasikanyage. Mdogo wake anaitwa Kero. Jina hilo alipewa darasani na hakufanya juhudi yoyote ya kuliondoa. Siku za kazi Kero alinadi nguo kuukuu sokoni. Anapanda juu ya meza, anapaza sauti tangu asubuhi, na watu wananunua mashati wasiyoyahitaji kwa sababu tu wamecheka. Koo lilikuwa ndilo shamba lake. Jumapili mchana alilipeleka koo hilohilo kwenye bendi.

Bendi yenyewe iliitwa Fujo Mchana. Walichanganya panki na hip-hop: gitaa linakwaruza kama bati linaloburutwa barabarani, dramu zinakimbizana, na juu yake Kero anachana mistari, ndivyo wanavyoita kughani kwao, huku anaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Nilikwenda mara moja, nikarudi na kichwa kinavuma siku mbili. Lakini vijana waliwapenda, lazima niseme kweli. Dramu alipiga mwashi wa nyumba, wakamwita Mwashi hivyohivyo. Besi alipiga mwalimu wa shule ya msingi, mpole kweli, ambaye wazazi wa wanafunzi wake wangemwona jukwaani wangehamisha watoto. Gitaa lilikuwa la Fundi Simu, mtengeneza simu mwenye ulimi mkali na vidole vya ajabu.

Walifanyia mazoezi kwenye chumba cha baridi cha bucha iliyofungwa. Mashine ya baridi ilishang'olewa, zikabaki kuta nene, mlango mzito wa chuma na ndoana za nyama zinaning'inia darini. Walipapenda kwa sababu moja tu: sauti haitoki wala haiingii. Ukifunga mlango ule, hata lori lipite nje hulisikii.

Jumapili yalipoanza mambo haya ilikuwa ya kawaida kabisa. Jua kali, Mwashi kaja kachelewa, Mwalimu anasahihisha madaftari kwenye kona. Dada Nyaya akaketi kwenye miksa, ile meza ya vitufe ambayo kila maiki ina laini yake na namba yake, akaanza kuita. Huo ulikuwa utaratibu wake. Anaita namba, mwenye namba anajibu "nipo" kwenye maiki, yeye anasema "nimekupata," kisha anapandisha kijiti cha laini ile na sauti inafunguka. Asiyeitika hafunguliwi. Aliiweka sheria hiyo kwa sababu watu wale walikuwa na tabia ya kuanza kupiga wakati nusu ya bendi bado inafunga kamba za viatu.

"Moja mpaka nne?" Dramu peke yake zilikula laini nne.

"Nipo," Mwashi akajibu.

"Nimekupata. Tano?"

"Nipo," akasema Mwalimu.

"Nimekupata. Sita?"

"Nipo, mheshimiwa," Fundi Simu akajibu kwa kejeli.

"Nimekupata. Saba?"

Mdomo ulishamtangulia. Laini ya saba ilikuwa ya Pacha. Huyo Pacha hakuwa ndugu yao, ila alichana na Kero miaka minne, huyu akianza mstari yule anaumalizia, mpaka watu wakawaita hivyo. Miezi minane nyuma alishikwa na homa, siku ya tatu wakamzika. Waya wake ulichomolewa, maiki yake akapewa mama yake, na tangu hapo Dada Nyaya alitoka sita akaruka moja kwa moja hadi nane, ya Kero. Siku hiyo akasahau kuruka.

"Nipo," sauti ikamjibu kwenye hedifoni.

Alikuwa ameinama anafunga waya mguuni mwa meza. "Nimekupata," akasema, mkono ukapanda wenyewe, ukasukuma kijiti cha saba hadi juu.

Kisha akagutuka. Aliponyanyua kichwa aliwakuta wote wanamtazama.

"Dada," Kero akauliza polepole, "umempata nani?"

Hakuna aliyesikia jibu zaidi yake. Akakishusha kijiti haraka. Akamkazia macho Fundi Simu, maana nani mwingine angeweza? Mtu anayefungua simu na kuzifunga kutwa nzima anashindwa nini kupenyeza sauti kwenye hedifoni? "Utani mwingine ni wa kishenzi," akamwambia. Fundi Simu akaapa kwamba hajui anaongelea nini. Mazoezi yakaendelea, lakini kwa shingo upande.

Kila mazoezi Dada Nyaya aliyarekodi, kila laini peke yake. Jumatatu asubuhi, kikombe cha chai mkononi, akakaa kuyasikiliza. Dramu safi. Besi safi. Akaiona laini ya saba ina urefu sawa na nyingine, nayo ilipaswa kuwa tupu. Akaifungua. Kwanza palikuwa na ukimya. Kisha mtu akavuta pumzi.

Alijiambia ni sauti iliyovuja kutoka maiki ya jirani. Hutokea sana, mafundi wote wanalijua hilo. Ila kuvuja kunahitaji maiki, na saba haikuwa na maiki wala waya. Akaendelea kusikiliza. Kero alipoanza kuchana kwenye laini ya nane, kuna mtu kwenye saba aliyafuata maneno yake, nyuma kidogo, kwa kunong'ona, kama mtoto anayejifunza kusoma. Alikosea baadhi ya maneno. Wimbo ulipofika mwisho alikuwa hakosei tena.

Chai ilipoa bila kuguswa.

Siku hiyohiyo alimfuata Fundi Simu kibandani kwake. Walirushiana maneno mbele ya wateja. "Mimi nikuchezee wewe kwa sauti ya marehemu?" Fundi Simu alifoka, bisibisi mkononi. "Pacha alikuwa rafiki yangu! Na wewe hebu jiulize, nani anashika hiyo miksa? Nani anarekodi? Mtu pekee anayesikia hizo sauti ni wewe!" Dada Nyaya akageuka akaondoka. Alirudi nyumbani akijua kwamba bendi nzima sasa inamwangalia kwa jicho la pembeni, na yeye anawaangalia vilevile. Akaanza kumshuku hata Kero. Huenda mdogo wangu hajamalizana na msiba, akawaza, huenda anafanya haya usingizini.

Jumapili iliyofuata alijipanga. Alichomoa nyaya zote, akazikagua moja moja, akachungulia nyuma ya spika na ndani ya dramu. Akabandika plasta pana juu ya laini ya saba. Mlango wa chuma ukafungwa. Akaita taratibu, kama mwanafunzi mzuri, moja mpaka nne, tano, sita. Akaruka.

"Nane?"

"Nipo."

Alikuwa akimtazama Kero usoni. Mdomo wa Kero ulikuwa umefunguka nusu, haujatamka kitu.

"Nilikuwa nataka kujibu," Kero akasema. Alijaribu kucheka. "Kuna mtu kaniwahi."

Safari hii walisikia wote. Mwalimu aliweka besi lake chini, akaenda kusimama karibu na mlango. Fundi Simu hakusema neno la kejeli hata moja, na hilo ndilo lililomtisha Dada Nyaya kuliko yote.

Tangu hapo koo la Kero likaanza kuharibika. Mwanzo walisema ni makelele ya panki, mtu gani anapiga yowe namna ile na koo likabaki salama? Akanywa maji ya moto, akanyamaza siku mbili nzima, jambo ambalo mama yake mzazi hajawahi kulishuhudia. Haikusaidia. Sokoni alipanda mezani akafungua mdomo, ikatoka sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Watu walicheka wakidhani ni kichekesho kipya. Alipoendelea, wakaacha kucheka, wakahamia meza za wenzake. Daktari alimulika kooni, akazima tochi, akasema koo ni safi, halina kidonda wala uvimbe.

"Basi sauti inakwenda wapi?" Dada Nyaya akauliza.

Daktari akacheka kidogo. Dada Nyaya hakucheka. Alikuwa ameshapima mwenyewe nyumbani. Kwenye rekodi, laini ya nane ilipungua kila wiki. Ya saba iliongezeka kila wiki, kwa kiasi kilekile.

Katikati ya hayo wakaitwa kwenye tamasha la Jumamosi mchana, kwenye uwanja wa mpira. Lilikuwa kubwa kuliko yote waliyowahi kuitiwa. Ijumaa Dada Nyaya alitoa rekodi za zamani, za enzi za Pacha. Nia yake ilikuwa moja tu: kama huyu ni Pacha, amsikilize vizuri, aelewe anataka nini, waende hata kaburini wakamwombe radhi. Akabonyeza. Akajisikia mwenyewe, sauti yake ya miaka mitatu nyuma, anaita namba.

"Saba?"

"Sipo!" Pacha akajibu, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Akabonyeza nyingine. "Saba?" "Sipo!" Nyingine. "Sipo, dada, nimetoka kidogo!" Akakumbuka. Kumbe! Miaka minne, kila Jumapili, Pacha alijibu hivyo ili kumwudhi tu. Hakuna hata siku moja aliyowahi kusema nipo.

Dada Nyaya anasema alivua hedifoni akaziweka mezani, akaziangalia. Siku zote hizo alikuwa anamshuku aliye hai, kisha akamshuku marehemu wa watu. Aliyeitika hakuwa yeyote kati yao. Alikuwa mtu mwingine, aliyesikia nafasi iko wazi, na yeye mwenyewe kwa mdomo wake akamwambia nimekupata.

Alimwambia Kero usiku ule, akamsihi wasiende. Kero alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, kwa ile sauti yake iliyobaki kama uzi, "Dada, mimi sina kingine. Nisipoimba kesho, sitaimba tena. Tumia miksa ya kukodi. Usiite namba. Tafadhali." Mama yao alimkabidhi mtoto huyu siku alipoletwa mjini, akamwambia mwangalie mdogo wako. Alipaswa kukataa. Alikubali kwa sababu alimwonea huruma.

Jumamosi jua lilikuwa la utosi. Watu walijaa uwanjani, vumbi linapaa, vijana wamechora nyuso. Dada Nyaya alikaa chini ya turubai, mbali na jukwaa, mbele ya miksa ngeni ambayo hajawahi kuigusa. Hakuita namba. Kila mmoja alinyoosha mkono tu, naye akamfungulia. Saba aliiacha chini, tupu, haina waya.

Mwashi akapiga. Gitaa likaingia. Kero akainua maiki na sauti ikatoka.

Ilitoka safi, nzito, yenye nguvu ambayo hajawahi kuwa nayo. Watu walipagawa. Mwalimu aligeuka akacheka kwa furaha. Hata Dada Nyaya moyo ulimruka, akasema asante Mungu, mdogo wangu amepona.

Kisha akatazama miksa.

Taa za nane zilikuwa zimezima. Taa za saba ziliwaka nyekundu, hadi juu.

Kijiti kilikuwa chini. Taa ziliwaka.

Akanyanyua macho. Kero alikuwa ameshusha maiki. Amesimama tu katikati ya jukwaa, mikono inaning'inia, mdomo umefungwa. Mistari inaendelea. Sauti inachana kwa kasi, haipumui, inataja majina ya mitaa, inatania watu wa mbele, inacheka kicheko cha Kero. Watu walidhani ni ufundi wa jukwaani, wakazidi kushangilia. Fundi Simu aliacha kupiga. Mwashi akaacha. Sauti haikuacha.

Kero alimtafuta dada yake kwa macho, juu ya vichwa vya watu wote wale. Alikuwa anatingisha kichwa. Dada Nyaya alidhani anamwambia: izime.

Akapeleka mkono nyuma ya meza, akang'oa umeme.

Kimya. Uwanja mzima. Kero akafungua mdomo amwite dada yake. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, mishipa ya shingo imesimama, machozi yanamtoka. Hata mkwaruzo haukutoka, hata pumzi haikusikika. Na hapo ndipo Dada Nyaya alipoelewa kwamba alikuwa anamwambia usizime. Sauti yake yote ilikuwa upande ule wa saba, na dada yake ndiye aliyefunga mlango.

Bendi ilikufa siku hiyo. Hawakugombana, waliacha tu kutafutana. Fundi Simu alikuja mara moja, akakaa na Kero nusu saa, akalia, akaondoka. Kero alihamia kwa dada yake. Alinunuliwa daftari, akawa anaandika anachotaka. Madaktari watatu walisema koo ni zima. Dada Nyaya aliacha kazi ya sauti, akawa anauza vifaa vya umeme kwenye duka la mtu, na kila alipomwona mdogo wake anainamia daftari lile, alijichukia.

Wiki ya tano, asubuhi, anaosha vyombo, simu ikalia. Alikuwa mama yao, shangazi yangu, ambaye anaishi mwendo wa nusu siku kutoka mjini.

"Mwanangu, Mungu ni mkubwa!" shangazi akasema. Alikuwa anacheka na kulia. "Kumbe mdogo wako amepona na hamniambii!"

"Amepona vipi, mama?"

"Si yuko hapa! Amefika alfajiri. Tumeongea mpaka koo limenikauka. Sauti yake ileile, na utani wake uleule."

Dada Nyaya akageuka polepole. Kero alikuwa mezani, mkate mkononi, anamtazama.

"Mama," akanong'ona, "umemwona?"

"Nimwone nini, mimi sauti ya mwanangu siijui? Yuko chumba cha nyuma. Anasema mwanga unamuumiza macho, nisifungue mlango. Nimemwekea chai mlangoni. Ila ana kamchezo kapya huyu mtoto, kila mara ananiita, nikiitika ananiambia nimekupata."

Kero aliandika kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika. ASIITIKE.

"Mama, nisikilize. Toka nje. Akikuita usi—"

Nyuma kabisa ya simu, nzito na tamu, sauti ya Kero ikaita, "Mama?"

"Bee, baba," shangazi akaitika.

Simu haikukatika. Ilibaki hewani dakika nzima, haina kitu ndani yake.

Walifika jioni, jua bado lipo. Shangazi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, mzima, miguu kainyoosha mbele. Alipomwona Kero aliinuka, akamkumbatia, akamshika mashavu kwa mikono miwili. Akafungua mdomo amtaje kwa jina lake la kuzaliwa, ambalo ni yeye peke yake anayelitumia.

Midomo ilicheza. Haikutoka sauti.

Na kutoka chumba cha nyuma, nyuma ya mlango uliofungwa, sauti ya mama yao ikalitaja jina lile, polepole, kwa upendo. Kisha ikamwita Dada Nyaya. Ilimwita kwa jina la utotoni. Ikamwita mara ya pili. Ya tatu ikaongeza, "Mwanangu, upo?"

Anasema hajawahi kupigana na kitu kama alivyopigana na mdomo wake siku ile. Ulitaka kuitika. Umri wote huo, mama akiita unaitika. Alijitia ngumi mdomoni, akauma mpaka ikatoka damu. Kovu analo, nimeliona. Kero akapita, akausukuma mlango kwa bega.

Chumba kilikuwa kitupu. Dirisha lilikuwa limepigwa misumari tangu miaka ile shangazi alipoanza kuogopa wezi. Kitanda kilitandikwa, hakina hata kunjo. Juu ya kigoda palikuwa na kikombe cha chai, kimenyweka chote, nacho kilikuwa bado cha moto.